Aliyeshuka Kuimba

Haya yalimpata rafiki yangu Ottorino, mwimbaji wa opera mwenye sauti nzito, papa hapa Parma. Jumamosi sauti ilimkatikia kwenye noti ya juu kabisa, na watazamaji wa roshani ya juu, ambao hawana huruma hata na maiti, wakampigia miluzi. Badala ya kunyamaza, akawafokea: "Basi shukeni muimbe wenyewe!" Kwetu sisi waimbaji neno hilo halisemwi.

Kesho yake saa sita mchana akarudi kwenye ukumbi wa opera kuchukua viatu vyake. Bi Nives, bawabu, akamcheka: "Umefuata sauti, maestro? Mimi sijaletewa."

Ndani kulikuwa giza tupu, maana ukumbi hauna madirisha. Alipokuwa akivuka jukwaa kwa kupapasa, akasikia ngazi za mbao za roshani zikilia, hatua baada ya hatua. Hatua zikafika chini, zikapanda jukwaani, zikasimama ubavuni mwake. Mtu akavuta pumzi ndefu ya tumboni, kama tuvutavyo sisi. Ikatoka noti ile ile ya jana, nzima, haina ufa. Na sauti ilikuwa ya Ottorino.

Akakimbia hadi mlangoni. Bi Nives alikuwa amefumba macho, anapiga makofi. "Mshenzi wewe! Jana uliificha wapi?"

Kisha akafumbua macho, akamwona Ottorino mbele yake, kafunga mdomo, na noti ile ingali inaimbwa kule ndani.