Mialoni ya Kasri la Hradiny

Jua lilipozama nyuma ya paa la kasri, Rostislav Kasal alichukua funguo akaenda kufunga lango la bustani, kama alivyofanya kila jioni. Mkewe, Bohumila, alikuwa amezikwa jana yake. Rostislav hakuwa amelia. Alijiona kama mtu anayetazama mikono ya mtu mwingine ikifanya kazi.

Nyumbani, binti yao Alžběta alikuwa hajainuka kitandani tangu mazishi. Hali chakula, hasemi. Vidole vyake vilikuwa baridi kama jiwe la kisima, na daktari aliondoka akitikisa kichwa.

Langoni Rostislav alimkuta Bi Otylie, kikongwe aliyekuwa dobi wa kasri enzi za makabaila.

"Bwana Kasal, mialoni ya bustani uliiambia?"

"Kuiambia nini, mama?"

"Ee Mungu wangu! Miaka yote unaipogoa kama unanyoa kondoo, neno moja tu likushinde? Akifa mtu wa kasri, miti hugongwa, mmoja mmoja, ikatajiwa jina lake kamili kabla jeneza halijavuka kizingiti."

"Mimi si mtu wa kasri. Ni mtunza bustani tu."

"Mnalala ndani ya ukuta wake. Yatosha." Kikongwe akasogea, akanong'ona. "Kabaila Hynek alifia ugenini baada ya vita. Nani aliiambia miti? Hakuna. Dada zake wakamfuata majira yale yale ya baridi, hadi kasri likabaki na popo. Wanajeshi wakaligeuza ghala. Ikaja shule. Leo ni makumbusho, na wageni wakisikia baridi mnawaambia ati ni unyevu wa ukuta. Unyevu! Maiti asiyetangazwa haendi peke yake, Bwana Kasal. Hushika mkono wa aliye karibu, asiuachie hadi miti yote iambiwe."

Rostislav akafikiria vidole vya Alžběta.

Hakufunga lango. Aliingia.

Mwaloni wa kwanza aliugonga kwa kifundo cha kidole. "Bohumila Kasalová amekufa," alisema, akilitaja jina la Kasal kwa umbo lake la kike, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Kimya...

Kisha, kutoka ndani ya shina:

Ko. Ko.

Akasonga mbele, mti kwa mti. Kila alipotaja jina, shina lilijibu, na majani yakamwagika nyuma yake. Harufu ikaanza kumfuata. Haikuwa ya majani yaliyooza. Ilikuwa ya hamira na kisibiti, harufu ya mikono ya Bohumila siku ya kuoka mkate.

Chini ya mwaloni wa mwisho, kando ya bwawa, mwanamke alisimama amempa mgongo. Kichwani alijifunga kitambaa alichozikwa nacho.

"Rosťo," alinong'ona. "Huu usiuambie."

Moyo haukushtuka.

"Mila... mtoto anakufa."

"Hafi. Namshika mkono tu. Huku ni giza, Rosťo. Niachie mti mmoja."

Mkono wa Rostislav ulikuwa umekwisha kuinuka. Ukabaki hewani.

"Maisha yetu yote sijakukatalia kitu," alisema.

"Basi usianze leo."

Akagonga.

"Bohumila Kasalová amekufa."

Mti huu haukujibu. Maji ya bwawa yalitikisika mara moja, bila upepo. Alipotazama tena, hapakuwa na mtu. Umande ulikuwa umelowesha bustani nzima, isipokuwa pale chini ya mwaloni, ambapo nyasi zilikuwa kavu, zimelala.

Nyumbani alimkuta Alžběta ameketi kitandani, bakuli la supu mapajani. Rangi ilikuwa imerudi mashavuni. Rostislav akavishika vidole vyake. Vilikuwa vimepata joto. Akangoja furaha imjie.

Haikuja.

"Kula, mwanangu."

Alžběta akaweka kijiko chini. Akamtazama baba yake kama anavyotazamwa mgeni mlangoni.

"Baba," alisema polepole, "mama alikuwa hapa, amenishika mkono. Mara akaanza kulia. Umemwambia nini?"