Joto la Mwisho la Jumamosi

"Humo hapana, baba! Popote pale, lakini si humo."

"Popote wapi? Niambie. Jikoni, juu ya meza ya chakula?"

"Hata jikoni. Nitakula nimesimama."

Reino Kangas alicheka kidogo, kicheko kikavu, kisha akaendelea kuikaza kamba. Injini ilikuwa imelala juu ya ubao wa kuburuzia kuni, imeliwa na kutu, na theluji iliyoizunguka ilikuwa imechafuka mafuta. Binti yake, Helmi, alisimama mbele ya mlango wa sauna, kile kibanda chao cha magogo cha kuogea kwa mvuke, mikono ameikunja kifuani.

"Humo ndimo tulimomwosha Onni," akasema.

"Najua tulimwosha wapi. Mimi ndiye niliyeshika kichwa."

Onni alikuwa kaka yake Helmi, na gari lilikuwa lake. Alilinunua bovu, Hudson ya kizamani yenye mgongo wa mviringo, kwa mkulima aliyesahau kumwaga maji ya injini kabla ya baridi. Maji yakaganda, injini ikapasuka ubavuni. Onni alisema atatafuta nyingine. Kabla hajaipata, mti aliokuwa akiukata msituni ulimgeukia, ukamuua.

Tangu hapo Reino hakuwa na kazi nyingine. Alizunguka yadi za vyuma chakavu za Michigan kaskazini hadi Wisconsin, akirudi leo na kabureta, kesho na pampu ya maji, kila kitu amekiviringisha ndani ya fulana kuukuu kama kitoto kichanga. Injini yenyewe hakuipata. Kumbe ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nyuma ya zizi la jirani yao, Bi Lempi, Hudson nyingine ilikuwa imemezwa na vichaka. Mumewe, Arvo, alikuwa akivuka nayo ziwa lililoganda, kama walivyovuka watu wote wa pale, barafu ikafunguka chini yake. Gari lilipovutwa nje, Arvo alikuwa bado ameshika usukani. Miaka yote Bi Lempi hakumruhusu mtu kung'oa hata skrubu. Reino alipomwomba, alimtazama usoni kwa muda mrefu, mjane akimtazama mfiwa mwenzake.

"Chukua," akasema. "Ila ikiwaka, nijulishe."

Lakini pistoni zilikuwa zimegandamana na silinda. Reino alizimiminia mafuta, akazigonga kwa kipande cha mti, akazipasha kwa moto wa gesi. Wapi! Zilitaka joto la taratibu, alisema, joto la kuingia hadi mifupani. Na nyumbani kwao joto la namna hiyo lilikuwa mahali pamoja tu.

Ilikuwa Jumamosi, na walikuwa wameshaoga. Kwa desturi yao, wazima wakimaliza kuoga, moto wa mwisho hauzimwi. Huachwa, pamoja na ndoo ya maji, kata na taulo safi, kwa ajili ya waliokufa. Mtu haingii tena hadi asubuhi. Tangu Onni azikwe, Helmi alikuwa akimwekea taulo lake la bluu.

"Hilo ni joto lake, baba. Unampokonya."

"Simpokonyi. Namsogezea injini yake tu." Reino akaivuta kamba. "Nipishe, mwanangu. Sina kingine cha kumfanyia."

Helmi akampisha.

Walikuwa jikoni, wanakunywa kahawa na mkate wa iliki, waliposikia.

Tssss.

Maji juu ya mawe ya moto. Kisha kimya. Kisha tena, kata nzima, kama anavyomwaga mtu aliyepigwa na baridi kupita kiasi.

Reino aliweka kikombe chini. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ndevu.

"Unasikia?" alinong'ona. "Amekuja kuiona."

Helmi alikunja uso. Onni hakupenda mvuke mwingi. Siku zote alilalamika kwamba baba anataka kumchemsha kama kiazi.

Asubuhi ndoo ilikuwa tupu. Taulo la bluu lilikuwa kavu, limekunjwa vilevile. Lakini benchi la juu lilikuwa limelowa, nalo lilinuka tope la ziwa.

Reino hakulitazama benchi. Aliisukuma injini kwa kiganja tu, na pistoni zikapanda, zikashuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Waliiburuza nje. Helmi akaufunga mlango wa sauna, akautia komeo, na juu ya komeo akapigilia msumari. Hakuwasha tena moto mle. Wakawa wanaoga jikoni kwenye beseni, na baba hakulalamika, kwa kuwa mawazo yake yote yalikuwa kwenye gereji.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Magogo ya sauna yalilia. Ko. Ko. Ko. Magogo hulia yakibanwa na baridi, kila mtu anajua. Helmi alijizoeza kutoyasikia.

Kisha theluji ikaanza kuyeyuka, maji yakadondoka paani, baridi ikalegea.

Ko.

Hafifu sasa. Kama mtu aliyechoka.

Injini, sasa ikiwa ndani ya gari la Onni, iliwaka mchana mmoja wa jua. Ilikohoa, ikatema maji meusi kupitia eksozi, ikatulia, ikanguruma kwa sauti nzito na tamu. Reino alishuka akaenda kuisikiliza mbele, mkono juu ya boneti. "Onni," alikuwa akisema. "Onni, mwanangu, sikia."

Hakuna aliyekuwa amekwenda kumwita Bi Lempi. Alikuwa tayari anavuka barabara, amevaa gauni la kanisani, nywele amezichana. Hakuwasalimu. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akakigeukia kiti kitupu cha dereva.

"Umekawia, wewe mwanamume," akasema kwa upole. "Viazi vimepoa."

Helmi aliona uso wa baba yake ukisawajika. Mkono wake ukateleza kutoka kwenye boneti.

"Bi Lempi," Reino alinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Na mwenye injini, Reino. Ulidhani nani?"

Injini ikazimika. Hakuna aliyegusa ufunguo. Kiti cha dereva kilikuwa kimelowa chapachapa, na maji yalidondoka polepole kwenye sakafu ya gereji.

Reino alipita karibu na Helmi bila kumwona. Aliingia jikoni, akaketi, mikono yake yenye grisi imefunguka juu ya meza. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Baadaye kidogo Bi Lempi akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Upindo wa gauni lake ulikuwa umelowa.

"Arvo anashukuru kwa joto," alimwambia Helmi kwa sauti ya chini, ili baba asisikie. "Anasema walioga pamoja, yeye na kijana wenu. Yeye akaifuata injini yake. Kijana alibaki nyuma anafuta benchi, kama mlivyomfundisha. Amegonga majira yote ya baridi, mwanangu. Nani aliutia komeo mlango ule?"