Mkuki Ambao Bibi Hakuusimulia

Miaka ile, kila Jumamosi, Kiherehere aliamkia kwenye karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuweza kusubiri hata chai ipoe. Kila siku aliunguza ulimi. Hata leo, akiwa mtu mzima, akinusa mbao mbichi hukumbuka asubuhi zile: vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, patasi zimepangwa kwa ukubwa, na shangazi akiimba wimbo ambao maneno yake aliyajua nusu tu.

Shangazi alikuwa mchongaji. Ukutani alibandika picha za kazi za wachongaji weusi wenzake wa nchi mbalimbali. Mmoja alichonga mababu waliofungwa minyororo. Mwingine alichonga joka la kale lililobeba dunia mgongoni.

"Shangazi, mbona wote wanachonga mambo ya zamani?"

"Kwa sababu mengi ya kwetu hayakuandikwa, mwanangu. Yalikaa midomoni mwa wazee. Mzee akiondoka bila kuulizwa, ndiyo basi tena. Sisi tunayapa mwili yasipotee."

Mwezi mmoja shangazi alikuwa akichonga sanamu ya kuwekwa kwenye maktaba mpya ya mji. Ilikuwa ya bibi mmoja wa ukoo wao, aliyewavusha watu wake mto walipofukuzwa kwenye ardhi yao. Shangazi aliisikia hadithi hiyo utotoni, ila kila mara usingizi ulimchukua kabla ya mwisho.

"Mama, yaani bibi yako, anaikumbuka yote," alisema. "Muulize leo, yule bibi alibeba nini? Na umsikilize mpaka mwisho!"

Jioni ile Bibi alianza mbali, kama kawaida yake. Alisimulia ukame, akataja ng'ombe mmoja mmoja, akataja na majirani. Nje, wenzake Kiherehere waliruka kamba huku wakimwita. Alijikaza kidogo, kisha akasema, "Nakuja sasa hivi, Bibi." Aliporudi, Bibi alikuwa ameshalala.

Kesho yake shangazi aliuliza, "Ehe, alibeba nini?"

"Mkuki," Kiherehere alijibu bila kupepesa macho. "Mkuki mrefu."

Shangazi akachonga mkuki. Wiki nzima nyundo iligonga patasi, na kila pigo, lililosikika hadi nyumbani, lilimchoma Kiherehere moyoni. Alitaka kusema, lakini kadiri siku zilivyopita ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

Jumamosi iliyofuata, Bibi aliletwa kuitazama kazi. Macho yake yalikuwa na ukungu, hivyo aliitazama kwa vidole. Alipapasa uso, bega, kisha mkono. Akasita.

"Hiki ni nini?"

"Mkuki, Mama."

"Huyu hakuwa na mkuki."

"Mama, si wewe mwenyewe uliyemsimulia mjukuu wako?" Shangazi alisema kwa upole. "Labda umesahau. Ni umri tu."

Bibi akaketi taratibu juu ya gogo. "Labda," alisema kwa sauti ndogo. "Kama hata hili nimelisahau, basi sijui nimebaki na nini."

Kiherehere hakustahimili. Alipiga magoti mbele yake huku machozi yakimtoka. "Hujasahau, Bibi! Ni mimi. Sikusikiliza. Nilikwenda kuruka kamba, mkuki nikautunga mwenyewe. Nisamehe. Shangazi, nisamehe."

Shangazi aliweka patasi chini, akaketi karibu na Bibi. Kisha akasema, "Tusimulie, Mama. Safari hii silali."

Bibi akacheka kidogo, akasimulia. Yule bibi alificha mbegu ndani ya nywele alizosuka, akashika fimbo ya kupimia kina cha maji, akatangulia mtoni. Watu husema maji yalisimama mpaka mtoto wa mwisho akapita. Ng'ambo alifumua nywele, wakapanda zile mbegu.

Bahati nzuri kichwa cha sanamu kilikuwa bado hakijamalizika. Shangazi alikata ncha ya mkuki ukawa fimbo, kisha akachonga misuko yenye mbegu. Kiherehere alisugua fimbo hiyo kwa msasa siku tatu, mpaka vidole vikachubuka.

"Lakini Bibi," aliuliza siku moja, "maji kusimama si uongo pia?"

"Sikuwepo, mjukuu wangu. Huenda mto ulikuwa umepungua, na waliookoka wakauona ni muujiza. Hayo ni maneno ya watu waliokuwa wakishukuru. Wewe mkuki wako uliutoa wapi?"

"Kwenye uvivu wa kusikiliza."

"Basi shika hili," Bibi alisema, akimshika mkono. "Usilolijua, sema hulijui, kisha urudi kuuliza. Kurudi kuuliza si aibu. Nusura uninyang'anye hata nilichokuwa nakikumbuka."