Maua ya Kengele Yasiyotoa Kengele

"Mie nikichomeka hata mpini wa jembe, unaota," Bi Mwamini wa Kibiti alipenda kujisifu. Kisha huongeza kwa sauti ndogo, "Ila mchicha. Mchicha hunifia. Sijui tumekosana nini."

Mwezi wa tano binti yake Warda, aliyeolewa Njombe, alimletea mbegu ndogo kama ugoro. Akamrushia na picha kwenye simu yake: maua ya zambarau, yamening'inia kwenye shina kama kengele.

"Yapande kivulini, mama. Yatapendezesha ua."

Bi Mwamini akazipanda kando ya mtungi, penye ubichi. Akawatangazia majirani wote. Mbegu zikaota. Yakatoka majani mapana, laini, yenye vinyweleo. Mwezi ukapita, majani. Miezi minne, majani. Kengele hata moja.

"Au nimezipanda kichwa chini?" alijiuliza.

Jirani yake Tabu alipita, akainama, akacheka.

"Shoga, hii mboga! Jani lisilo ua ni mboga."

"Warda kasema maua."

"Warda kaolewa kwenye baridi, kasahau mboga."

Mzee Muhidini, mume wa Bi Mwamini, alilisikia neno mboga akatoka ndani mbio.

"Mama Warda, nazi ipo?"

Bi Mwamini akazidi kuchanganyikiwa. Picha ilisema ua, macho yalisema mboga, mume alisema nazi. Na mbuzi wake, waliokula hata kanga kwenye kamba, majani yale waliyaacha.

"Mbona mbuzi hawali?"

"Mbuzi anajua nini mambo ya mapishi?" alijibu Mzee Muhidini.

Basi Bi Mwamini akachuma, akakuna nazi, akabandika chungu. Nusu ya majani ikabaki kwenye beseni. Akamwachia mumewe jiko, akaenda kwa Tabu kuomba chumvi.

Aliporudi alimkuta Safina, bibi shamba wa kata, anashuka kwenye pikipiki. Alikuja kukagua mikorosho, lakini macho yalikwama kwenye beseni.

"Shikamoo, mama. Haya majani gani?"

"Marahaba. Hata mie ndiyo nauliza."

Bi Mwamini akatoa simu, Safina akaitazama ile picha ya maua. Mara akakimbilia chungu, akakiepua.

"Mama, hii inaitwa dijitalisi! Ni pambo tu. Jani, ua, mbegu, vyote sumu. Inavuruga mapigo ya moyo, na kuchemsha hakuiondoi."

"Mbona haikutoa maua?"

"Mara nyingi mwaka wa kwanza hutoa majani tu. Halafu inataka baridi ndipo ichanue. Kibiti baridi utaitoa wapi? Mmea usioujua usiutie chunguni, mama. Uliza kwanza. Kuna aliyeonja?"

"Nani aonje?" Mzee Muhidini alijibu haraka mno.

Wakavaa glavu, wakaing'oa yote, wakaifukia shimoni pamoja na ile ya chunguni. Wakanawa kwa sabuni. Hawajamaliza, Mzee Muhidini akatapika.

"Samaki wa jana huyo," alisema.

"Samaki au si samaki, twende hospitali," alisema Safina. "Sumu hii haingojwi."

Alikuwa ameweka jani moja kwenye karatasi, ili daktari alione. Wakaita bajaji. Njia nzima Bi Mwamini aliushika mkono wa mumewe. Ulikuwa wa baridi. "Miaka thelathini na nane," aliwaza, "nije nimuue kwa nazi?"

Daktari aliupima moyo, akaukuta unapiga ovyo. Akamlaza, akamtibu. Siku ya tatu moyo ulitulia, wakarudi nyumbani.

Sasa kando ya mtungi kuna asumini. Inachanua kila jioni, na kila mtu analijua jina lake.

Juzi Bi Mwamini alipika kisamvu cha nazi, akamwalika Safina. Mzee Muhidini alilamba vidole vyote vitano.

"Hii ndiyo mboga! Siyo ile ya Warda, chungu kama shubiri, na manyoya yake yanakwama kooni."

Mkono wa Bi Mwamini ukasimama juu ya sinia. Safina akaacha kutafuna.

"Baba Warda," Bi Mwamini aliuliza polepole, "yule samaki wa jana alikuwa na manyoya?"