Futi ya Ngurumo

Kila asubuhi, kabla hajagusa msumeno, seremala aliyeitwa Radi alifanya mambo matatu. Alifagia maranda ya jana, alinoa patasi, na aligomba. Aligomba na mlango uliokwama. Aligomba na chai iliyopoa. Akikosa cha kugomba nacho, aligomba na redio.

Jina la Radi alipewa na mtaa. Baba yake, seremala pia, aliitwa Ngurumo. "Ngurumo kazaa Radi," watu walisema wakicheka. Radi naye alicheka. Alidhani anasifiwa.

Karakana aliirithi kwa baba yake, pamoja na randa, misumeno na futi ya chuma. Futi hiyo ilikuwa imekatika mwanzoni. Siku moja Ngurumo alikosea kipimo, akaibamiza futi ukutani, sentimita za mwanzo zikavunjika. Tangu hapo walipima kuanzia namba kumi. Ukitaka mlango wa sentimita mia mbili, unaweka alama kwenye mia mbili na kumi. Akili ikitulia, ni rahisi. Akili ikichemka, unaisahau ile kumi, na mlango unatoka mfupi.

Radi aliisahau mara nyingi. Na kila mara alimfokea binti yake.

Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwa miaka minne alikuwa amefanya kazi na baba yake, na kwa kupiga randa alishampita. Wiki hiyo walikuwa na milango sita ya zahanati. Jumatano binti alisema, bila kumwangalia:

"Baba, tukimaliza milango hii naondoka. Karakana ya kule stendi wananitaka. Jumatatu naanza."

"Watakulipa nini?"

"Hilo sijauliza. Nimeuliza kama wanapiga kelele."

Damu ikampanda Radi. Akatupa nyundo. Ikagonga bati, ikaanguka karibu na miguu ya mwanamke aliyekuwa anaingia. Alikuwa muuguzi wa zahanati, amekuja kuangalia milango.

"Hodi," alisema muuguzi akiitazama nyundo. "Naona nimeshajibiwa."

Fundi viatu, ng'ambo ya barabara, akapaza sauti: "Sista, vaa kofia ya chuma! Leo kuna radi bila mvua!"

"Nisamehe, sista," alisema Radi. "Ndivyo nilivyoumbwa. Baba yangu alikuwa hivi hivi."

"Kwani ulizaliwa umeshika nyundo?" Muuguzi akaketi kwenye gogo. "Sikiliza, fundi. Ukipata kero, mwili unadhani umevamiwa. Moyo unakwenda mbio. Pumzi inakuwa fupi. Misuli inakaza. Hapo uko tayari kupigana, hauko tayari kupima mbao. Ndiyo maana unakosea. Ukikosea, unakasirika tena."

"Kwa hiyo niwe kondoo? Watu wanikanyage, mimi nacheka tu?"

"Nani kasema ucheke? Kasirika! Ule mpando wa kwanza wa hasira hauji kwa kutaka kwako. Kosa ni kuukabidhi mikono na mdomo. Weka chini ulichoshika. Sogea pembeni. Vuta pumzi, kisha itoe taratibu, iwe ndefu kuliko uliyovuta. Rudia mara kadhaa. Halafu sema kilichotokea. Usiseme 'wewe mjinga'. Sema 'mlango umekuwa mfupi'. Kisha uliza, sasa tufanye nini?"

"Basi?"

"Basi, ila kila siku. Randa uliijua kwa kurudia. Kufoka nako umekujua kwa kurudia. Siku nyingine utashindwa, kesho yake unaanza tena. Na ukiona hulali, kifua kinabana, au unataka kumpiga mtu, njoo zahanati. Hatutibu homa peke yake."

Radi akatikisa kichwa. "Miaka hamsini mimi ni Radi. Mtaa mzima unajua hivyo."

"Basi ubishie mtaa. Si unapenda ubishi?"

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Alhamisi gundi ilimwagika. Radi akaweka brashi chini, akaenda mpaka kwenye mtaro, akasimama anapumua.

"Unapuliza nini hapo?" aliuliza fundi viatu.

"Moto. Kaa mbali."

Mchana alishindwa, akamfokea muuza misumari. Lakini jioni alirudi dukani kumwomba radhi. Ngurumo hakuwahi kumwomba mtu radhi maishani mwake.

Ijumaa ulibaki mlango mmoja. Binti akapima, akakata, akausimamisha kwenye fremu. Ulikuwa umepungua sentimita kumi.

Binti akaupiga teke. "Mlango wa kijinga! Futi ya kijinga! Kila kitu humu ni cha kijinga!" Akainua futi, tayari kuibamiza ukutani.

Radi alisikia maneno yake mwenyewe. Mkono ule ulioinuka nao ulikuwa wake, na kabla yake ulikuwa wa Ngurumo. Damu ikampanda mpaka masikioni. Mbao zimeisha! Milango inachukuliwa kesho! Mdomo ulishafunguka.

Hapana, alijiambia. Nakataa. Si kwa huyu.

Akaweka patasi chini. Akasogea mpaka mlangoni. Akatoa pumzi ndefu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mabega yakashuka.

"Mlango umepungua sentimita kumi," alisema. Sauti ilikwaruza. "Sasa tufanye nini, mama?"

Binti alibaki mkono juu. Alikuwa anangoja radi. Haikupiga. Akashusha mkono polepole.

"Tuunge kipande kwa chini," alisema. "Kile kilichobaki tulipokata fremu. Juu yake tupigilie bati. Hata maji ya kudeki hayataingia kwenye mbao."

"Zahanati wanadeki kila siku," alisema Radi. "Basi tuipige bati milango yote."

Jumamosi muuguzi aliyapapasa yale mabati. "Nani kafikiria hili?"

"Binti yangu. Tulipokosea."

Siku hiyo hiyo Radi alinunua futi mpya. Ile ya zamani akaitupa kwenye vyuma chakavu.

"Unatupa futi ya mzee?" fundi viatu alishangaa. "Na wewe ni Radi?"

"Mzee aliivunja siku moja. Mimi nimeitunza miaka yote hii. Yatosha. Na wewe nitafutie jina lingine."

Jumatatu binti alitoka nyumbani mapema, bila kuaga. Radi akafagia, akanoa patasi. Chai ilikuwa imepoa. Akainywa hivyo hivyo, kimya, macho barabarani.

Saa mbili binti akaingia, akavaa aproni yake.

"Na kule stendi?" aliuliza Radi.

"Nimewaomba wanisubiri mwezi mmoja. Kwanza nione."

"Uone nini?"

"Kama utadumu."

"Utaona." Radi akampa futi mpya. "Pima ubao ule. Mia mbili."

"Naongeza kumi?"

"Usiongeze kitu. Anzia mwanzo."