Milimita Mbili za Unene

Ndugu zangu, nipeni masikio yenu kidogo, halafu mrudi kwenye shughuli zenu. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne. Kazi niliyoifanya miaka yote ni kuchemsha chai na kupangusa meza katika kiwanda kinachobuni na kuunda laptopu. Lakini macho ninayo, na mshika birika husikia mengi kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa ni mtu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Binti yangu alikuwa uani anaanika nguo. Mumewe, mkwe wangu, alikuwa amepiga magoti anakaza bawaba ya mlango wa jiko. Mimi nimekaa pembeni namenya viazi, redio inaimba taratibu. Tangu mke wangu afariki, nyumba ile haikuwahi kutulia namna ile.

"Mzee, unamenya au unachonga?" mkwe akaniuliza. "Hicho kiazi kimebaki kama kidonge."

Binti akacheka mpaka kibanio cha nguo kikamdondoka mdomoni.

Tulikaa nyumba ya kampuni, vyumba viwili na ua, na wote watatu tulikula kwa kampuni hiyo hiyo. Mkwe alikuwa mchoraji, yaani ndiye aliyepanga kila kitu kikae wapi ndani ya mashine. Binti alikuwa mpimaji. Mashine mpya haikwenda sokoni mpaka yeye aijaribu na kutia saini. Kwa hiyo chini ya bati moja alilala anayechora na anayekataa, na walishazoea kutaniana kwa hilo.

Simu ikaita. Alikuwa mkurugenzi. Sisi wa chini tulimwita Wembe, maana alitaka kila kitu kiwe chembamba isipokuwa yeye mwenyewe. Mkwe akasimama, bisibisi mkononi.

"Ndiyo, bosi. Ndiyo. Milimita mbili tena? Ndiyo, bosi."

"Anasemaje?" binti akauliza.

"Anasema bado nene."

Hakuirudia ile bawaba. Amani yetu iliishia hapo, mlango ukining'inia upande.

Niwaeleze, maana wengi wenu mnavinunua vitu hivi bila kujua tumboni mna nini. Betri ya laptopu ikipata joto jingi huvimba, kama unga uliotiwa hamira. Ukiiachia nafasi kidogo na feni ya kuipoza, inakaa salama. Mashine zetu za zamani zilikuwa nene, kweli, lakini ulifungua skrubu sita, ukatoa betri iliyochoka, ukaweka nyingine, maisha yakaendelea. Wembe alitaka mashine ya wenye nazo, nyembamba kuliko zote na bei yake mara mbili. Ili aipate, feni itolewe, skrubu zitolewe, betri igandishwe kwa gundi, na tundu la kuchomekea waya libaki moja.

Mkwe wangu hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Jioni ile tulipokaa kula alijitetea vizuri.

"Watu wanabeba hivi vitu kutwa nzima. Yule dada wa mapokezi bega limeinama upande kwa begi. Wepesi nao ni haki ya mtu."

"Wepesi sikatai," binti akasema. "Mimi nauliza joto. Feni umeitoa. Joto litaenda wapi, likizo?"

"Litasambaa kwenye ganda."

"Litasambaa kwenye mapaja ya mtu, mume wangu."

"Basi waiweke mezani."

"Na wewe ya kwako umeiweka wapi hapo?"

Akatazama chini. Ilikuwa mapajani. Tukacheka, naye akacheka.

Nikachomeka neno langu. "Na mwenye tundu moja, akitaka kuchaji huku amechomeka kitu kingine?"

"Atanunua kiunganishi, mzee."

"Yaani alipe mara mbili apewe pungufu, kisha alipe tena arudishiwe alichopunguziwa?"

"Mzee wa chai kaanza siasa," akasema. Lakini safari hii kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyechoka.

Mimi lile neno gundi ndilo lililonikaa kooni. Mke wangu alifanya kazi chumba cha gundi miaka kumi na mmoja, dirisha moja, feni mbovu. Walipoomba barakoa nzuri waliambiwa wafunge kitambaa. Kifua kikaanza kumbana, akawa anapanda ngazi tatu anapumzika. Alipokufa, ofisi ikanipa siku nne na barua ya rambirambi yenye jina la marehemu mwingine. Ninayo mpaka leo. Kwa hiyo mtanisamehe nikisema wakubwa wale sikuwapenda hata kabla ya haya.

Sasa sikilizeni upimaji ulivyokuwa. Kulikuwa na desturi iliyoanzishwa na wapimaji wa kwanza kabisa. Mpimaji huenda na sampuli nyumbani, huipakata na kuifanyia kazi siku saba, betri imejaa. Kila jioni huiweka juu ya kioo na kujaribu kupenyeza karatasi moja chini ya kila mguu. Karatasi ikigoma pote, mashine imekaa sawa. Ikipenya, tumbo limebadilika umbo.

Sampuli nyembamba ilipokuja, binti aliianza kama kawaida. Siku ya kwanza karatasi iligoma. Siku ya pili ikagoma. Siku ya tatu ikapenya mguu mmoja. Siku ya tano alipenyeza jalada la daftari, na mashine ikawa inacheza kwenye kioo kama meza yenye mguu mfupi. Kwenye paja lake la kulia kulikuwa na alama nyekundu, pana kama kiganja.

Akaomba kikao. Nilikuwemo, namimina chai. Walikuwa watatu tu mezani: Wembe, mkwe na binti.

"Inavimba," binti akasema. "Siku tano tu. Ikifika miezi mitano itapasuka."

Wembe akaikamata kwa vidole viwili, akaiinua juu kama anainua leso. "Umeona hii? Mteja hanunui betri. Ananunua macho ya wenzake akiitoa kwenye begi."

"Na ikimuunguza?"

Wembe akamgeukia mkwe. "Mchoraji, unasemaje?"

Mkwe akakohoa. Akatoa mchoro mwingine mfukoni, ameukunja mara nne. "Bosi, tukirudisha milimita mbili, feni ndogo inaingia. Skrubu nne zinaingia. Bado itakuwa nyembamba kuliko za wengine."

"Milimita mbili! Matangazo yameshachapishwa, namba imeandikwa kubwa kama mlango. Unataka niwaambie watu wanunue tofali?"

"Tofali halivimbi, mkurugenzi," binti akasema.

Nusura nimwage chai kwa kicheko. Wembe hakucheka. Alisogeza kiti karibu na binti, akashusha sauti ikawa laini kama anambembeleza mtoto mgonjwa.

"Mwanangu, hili usiliandike kwanza. Sisi hapa ni familia. Jaza betri nusu, pima tena siku tatu, kisha utie saini. Mwakani tutatoa toleo lenye milimita zako mbili, nakuahidi mbele ya mumeo."

Mkwe akaukunja mchoro wake, akaurudisha mfukoni. Mimi nikakusanya vikombe. Na binti, kwa kuwa ameambiwa familia, hakuandika. Wapimaji waliomtangulia waliandika kila kitu, hata inzi akitua kwenye kioo. Yeye mara ile moja hakuandika.

Betri iliyojazwa nusu haivimbi upesi. Karatasi ikagoma siku zote tatu. Fomu ikaletwa nyumbani, akaiweka mezani, akaitazama tangu saa kumi mpaka tulipowasha taa. Mumewe alikuwa uani anaosha baiskeli iliyokuwa safi tayari.

"Baba, mimi siwezi kutia saini hii."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikie vizuri, maana tangu mwanzo nawasema wakubwa. Nilimwambia hivi: "Tia, mwanangu."

"Wewe ndiye unaniambia hivyo? Wewe?"

"Nyumba ni yao. Ukikataa, unga wako umemwagika, na wa mumeo, na wangu. Tutakwenda wapi? Wao ndio wakubwa, dhambi ni yao. Wewe ni kalamu tu."

Akaivuta fomu karibu. Kisha akatia saini. Akaenda kulala bila kula, na mimi nikajiona nimeokoa nyumba.

Mashine zikauzwa. Mwanzo ilikuwa sherehe tupu. Wembe alipigwa picha ameipachika kwenye bahasha. Mwezi wa nne zikaanza kurudi, moja moja, halafu kwa maboksi, kibodi zimeinuka katikati kama mgongo wa paka. Wateja wakaomba wabadilishiwe betri. Wakaambiwa betri imegandishwa, haitoki, wanunue mashine nyingine. Nilimsikia dada wa mapokezi akirudia maneno hayo mpaka sauti ikamkauka.

Mwezi wa sita akaja mama mmoja, mwalimu, anatembea kwa magongo. Alikuwa kitandani anaandaa mtihani wa wanafunzi wake, mashine mapajani, ikapasuka ikawaka. Mapaja yote mawili yaliungua, pamoja na mkono alioitupia. Nilimpelekea maji ya kunywa pale getini. Akaniambia, "Baba, niliinunua kwa sababu mgongo unaniuma. Nilitaka kitu chepesi." Hakuwa na maringo yoyote, maskini wa Mungu. Alikuwa anatafuta nafuu tu.

Kikaitwa kikao cha uchunguzi. Waliketi watu wawili wa serikali, Wembe, mkwe na binti. Mimi na birika langu.

"Mashine hii ilipitishwa na nani?" mmoja wa wale wawili akauliza.

Wembe akasukuma fomu mbele. "Kampuni inamwamini mpimaji wake. Saini hii hapa."

Binti akasema, "Nilionya. Kwenye meza hii hii. Niliambiwa nisiandike."

"Nani alikuwepo?"

"Mume wangu alikuwepo."

Wote wakamgeukia mkwe. Alikuwa ameshika kifungo cha shati lake, anakizungusha. Uso umemlegea kama mtu asiyelala wiki nzima.

"Sikumbuki," akasema.

Neno moja tu, ndugu zangu. Binti hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama tu, kama anayesoma kibao cha mtaa asioujua.

"Kuna mwingine yeyote aliyekuwepo?" yule wa serikali akauliza.

"Hakuna," Wembe akajibu.

Na mimi nimesimama hatua mbili nyuma yake. Binti akaniinulia macho. Hakunitaja. Alikuwa ananiachia nijitaje mwenyewe. Nikawaza nyumba, nikawaza presha yangu, nikawaza nani atamwajiri mzee wa birika. Nikamimina chai. Nilipofika kwenye kikombe chake, alikifunika kwa kiganja.

Alifukuzwa siku hiyo, na barua ikapelekwa kwenye viwanda vingine kwamba mpimaji huyu asiaminiwe. Akaondoka nyumbani na begi moja. Mumewe alimfuata hadi barabarani, sijui walisemezana nini, akarudi peke yake. Tukabaki wanaume wawili, tunakula tumetazamana kama wasafiri waliokosana kituoni. Miezi miwili baadaye mashine nyembamba zikasimamishwa, kitengo cha uchoraji kikafungwa, na sisi tukapewa siku saba kuhama. Nyumba ile niliyoinyamazia ikapewa wengine. Wembe amehamishiwa tawi kubwa zaidi. Mkwe nasikia anachora makabati kwa seremala.

Mimi nilikwenda kwa yule mwalimu, nikamweleza yote. Akanipeleka kwa wakili wake, nikasema, wakaandika, nikaweka dole gumba na jina langu. Wakasema wataniita. Ni mwaka na nusu, hawajaniita. Binti hupokea simu zangu. Ananiamkia vizuri, ananiuliza dawa, ananitakia siku njema. Ni maneno ambayo angemwambia jirani yeyote.

MAFUNZO

Wakubwa mnaoketi mezani, mnapopunguza unene wa kitu ulizeni kwanza nani atakilipia kile mlichopunguza, maana hamtakilipia ninyi. Mtu akikuonya, mwache aandike. Bosi anayekuita mwanangu huku anakukataza kuandika, mwogope kuliko anayekutukana.

Ninyi mnaonunua, msione haya kuuliza: inafunguka? Betri inatoka? Ikichoka nifanyeje? Muuzaji akicheka, mwacheni na kicheko chake, mwondoke.

Na ninyi wazazi. Nimewalaumu wakubwa maisha yangu yote, na bado nawalaumu, wanastahili. Lakini saini ile Wembe aliiomba mara moja tu, ofisini. Aliyeiomba mara ya pili, nyumbani, kwa sauti ya upendo, nilikuwa mimi. Mtoto wako akikwambia hawezi kuweka jina lake kwenye uongo, usimtafutie sababu. Beba vyombo, mhame naye.