Anayesimama Mstarini

Kopo lilikataa kuisha. Bi Mariamo ndiye aliyegundua, na aligundua kwa sababu alikuwa mwizi kidogo: kila asubuhi alichomoa kidonge kimoja akakitupa chooni, apate kumwachisha mkwe wake ile tabia ya kuvimeza bila ugomvi. Mwezi wa pili akalitikisa kopo, likalia vilevile lilivyolia siku ya kwanza. Akalifungua. Vidonge vilikuwa vimejaa hadi mdomoni, na vilikuwa na unyevu, kama vimetemwa sasa hivi. Akafuta vidole kwenye kanga, akavinusa, akavifuta tena.

Sasa msije mkaanza kumlaumu Zainabo, maana nawajua watu wetu kwa wepesi wa ulimi. Zainabo alikuwa mke wa Tuaibo, mwana pekee wa Bi Mariamo. Ilikuwa miaka ya vita, na Wareno walikuwa wamewakusanya watu wa pwani pale Olumbi ndani ya uzio wa miiba, katika kijiji walichokiita aldeamento, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji msituni. Siku ya kuhamishwa kutoka Tungue, mtoto wa Zainabo alikuwa na homa. Askari hawakungoja homa ishuke. Mtoto alifia njiani, akazikwa kando ya barabara, sanda yake kanga ya mama yake. Mwezi uleule Tuaibo akavuka Ruvuma kwenda kwa wapiganaji, na nyumba ikawaambia wakubwa kwamba amezama baharini.

Baada ya hapo Zainabo akalala. Sisemi usingizi. Alilala mkekani macho wazi, anaangalia makuti, haogi, hali. Ukimwita anaitika, "Abee, mama," halafu hainuki. Uchovu ulimwingia mpaka kwenye mifupa, na huzuni ikakaa juu ya uchovu. Mahali pengine angeachwa alale mpaka apoe. Pale kila alfajiri sipai, askari mweusi wa serikali, aligonga chuma, na kila mtu alisimama mstarini mbele ya nyumba yake aitwe jina. Asiyekuwepo alihesabiwa kuwa yuko msituni, na nyumba yake nzima ikapelekwa posto, kituo cha utawala wa Wareno, ambako watu walitoka bila kucha, au hawakurudi. Nyumba iliyokwisha kusema mume amezama, ingesema nini tena juu ya mke?

Mara mbili Bi Mariamo, na magoti yake yanayouma, alimburuta kwa makwapa mpaka mstarini. Mara ya tatu yule sipai, Muhamudo, akamwambia polepole, "Bi mkubwa, mkweo akikosekana tena, mimi sitakuwa na la kusema."

Bi Mariamo alikuwa akimfulia nguo Ernesto, dereva wa kamioni ya jeshi. Siku moja alikuta kopo la vidonge mfukoni mwa shati, akamrudishia. Ernesto akacheka.

"Kaa nalo, mama. Mimi namung'unya kimoja, naenda Palma na kurudi bila kulala. Hata sikumbuki kama nina watu nyumbani."

Maneno hayo ya mwisho yangemtisha mtu mwenye nafasi ya kutishika. Bi Mariamo hakuwa nayo. Akaenda moja kwa moja mkekani, akamfungua Zainabo taya, akaweka kidonge, akamnywesha maji. Wala hakusema bismillahi. Mwanamke yule hakuwahi kutia hata punje ya chumvi mdomoni bila bismillahi, lakini aliona dawa ya Mreno si chakula, na jina la Mungu haliingii humo. Nanyi mnajua ni nani anayekula pamoja na asiyelitaja.

Kesho yake Zainabo aliinuka kabla ya chuma. Akafagia uwanja, akateka maji, akatwanga, akafagia tena palepale. Jina lilipoitwa akajibu kwa Kireno, "Presente," yaani nipo, sauti wazi. Bi Mariamo alilia kwa furaha. Wiki ya pili kamioni ya Ernesto ilikanyaga bomu njia ya Palma, naye akafa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuleta vidonge. Bado kopo likajaa.

Halafu uchafu ukaanza. Nitausema, mwenye moyo mwepesi azibe masikio. Mate ya Zainabo yaligeuka mazito, akizungumza yanavutika kama mlenda. Jasho lake liliacha vikombe vikinata. Alisaga meno kutwa, krr, krr, mpaka yakameguka, akawa anatema vipande pembeni bila kujali. Inzi walimtua kwenye pembe za macho wakanywa, naye hapepesi. Hakumtaja tena mtoto. Ukimtaja wewe, anakuangalia kama umemtajia mtu wa Lisboa. Na ile harufu ilikuwa ya utumbo wa samaki uliofunikwa chunguni siku tatu, kisha ukafunuliwa usoni pako. Bi Mariamo akaanza kulia chakula nje. Alimchukia mkwe wake, akajichukia kwa kumchukia, lakini tonge halikushuka.

Adhuhuri moja alikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji ya vyombo, akamkuta Zainabo amechutama jaani, mgongo umegeuka, mabega yanapanda na kushuka, na alipokaribia akasikia ile krr, krr ya meno, ila safari hii meno yalikuwa yanasaga kitu, na kitu chenyewe kilikuwa vichwa vya samaki vilivyotupwa juzi, vimejaa funza, alikuwa akivisukuma kinywani kwa mikono miwili, na funza waliookoka wakimtembea kidevuni, na alipogeuza uso, uso ulikuwa wa Zainabo lakini macho yalikuwa ya mtu mwingine, mtu aliyeshiba, anayependa kutazamwa akila.

"Karibu, mama," akasema.

Bi Mariamo alitapika hapohapo. Kisha akaenda kwa Cassamo, fundi wa majini, mzee mwenye hasira za karibu aliyehamishwa nao kutoka Tungue.

"Ngoma siwezi kupiga," Cassamo akanong'ona. "Nikipiga, posto watasema nawaita watu wa msituni. Itabidi tumtoe kimyakimya."

Akaja baada ya alasiri. Akafunga mlango, akafukiza ubani, na badala ya ngoma akagonga ungo kwa kucha, taratibu, huku akisoma kwa pumzi. Zainabo alikaa katikati, amejifunika shuka, anasaga meno.

"Nani wewe?" akauliza Cassamo.

"Mimi ndiye ninayesimama," sauti ikajibu. Ilitoka chini ya koo, inabubujika kama maji ya mtaro, na midomo haikutikisika.

"Nani kakuita?"

"Huyu bibi. Alimtilia huyu kidonge mdomoni, hakumtaja Bwana wenu. Nikaona mlango u wazi."

Bi Mariamo akaushika mkono wa fundi. "Mtoe," akanong'ona. "Mtoe, baba, ananuka."

"Nanuka?" Sauti ikacheka. "Kila alfajiri nani anakuokoa? Mkweo hajatoka mkekani tangu mlipomzika yule mtoto. Ni mimi ninayesimama mstarini."

Cassamo alichukua kombe, zile aya alizoandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuziosha kwa maji, akamnywesha Zainabo hadi tone la mwisho. Akatapika ndani ya beseni vidonge vizima, kimoja baada ya kingine, vyote alivyomeza, hakuna hata kimoja kilichoyeyuka, vimeshikana kwa ute mweusi wenye nywele, na baada ya hivyo vikaja vingine vyenye mavi, vile Bi Mariamo alivyokuwa akitupa chooni, na nyumba ikajaa uvundo mpaka fundi mwenyewe akaziba pua kwa kilemba, na kila walipodhani amemaliza koo lilivimba tena, mpaka jua likazama na lango la uzio likafungwa.

Mwisho sauti ikasema, dhaifu, ikitokea upande wa beseni, "Natoka. Kesho chuma kikigongwa, mtaniita wenyewe."

Cassamo alilitumbukiza kopo humohumo, akafunika beseni kwa ungo. "Likamwagwe baharini. Likimwagwa humu ndani ya uzio, jini atapata mtu mwingine. Asubuhi lango likifunguliwa twende wote. Usiliguse kwa mkono, dada yangu."

Usiku ule Zainabo alilia. Alilia machozi ya kweli, akaomba uji, akala nusu bakuli, akamlalia Bi Mariamo mapajani akimtaja mtoto wake kwa jina, Rajabo, Rajabo, mpaka usingizi ukamchukua. Hakunuka. Alinuka jasho la mtu tu. Bi Mariamo alimpapasa nywele, akamshukuru Mungu, akaona haya kwa chuki aliyokuwa nayo.

Chuma kikagongwa.

"Zainabo. Amka, mwanangu."

Macho yalikuwa wazi, yanaangalia makuti. "Nimemuota, mama," akasema. "Niache kidogo. Siwezi."

"Utaweza. Nishike shingo."

Akamvuta, akaanguka. Akamvuta tena, miguu ikakunjana kama nguo mbichi. Nje majina yalikuwa yameanza kuitwa upande wa kisimani, na pamoja na Muhamudo ilisikika leo sauti ya Mreno, na sauti ya mbwa. Nyumba ya nne. Nyumba ya tano. Yao ilikuwa ya tisa.

Bi Mariamo akafunua beseni.

"Hapana," Zainabo akanong'ona. "Mama, nakuomba. Usinirudishe kule. Kule simwoni mwanangu."

Bi Mariamo akatumbukiza mkono kwenye ule ute, akachomoa kidonge, akakipangusa kwa kanga, nacho hakikupanguka. Akambana Zainabo taya. Zainabo akauma meno, yale machache yaliyobaki. Nyumba ya saba. Basi bibi akafanya kama alivyomfanyia Tuaibo alipokuwa mchanga asiyeweza kutafuna: akakitia mdomoni mwake mwenyewe akitafune, amlishe laini kwa kidole.

Ulimi wake, kwa mazoea ya miaka sitini, ukainuka kulitamka lile neno. Bismi... Akasita. Alijua sasa. Akilitaja, kidonge kitabaki kidonge, na hakuna atakayekuja kusimama.

Akaufunga mdomo, hakulitaja, akatafuna, kisha akamlisha Zainabo kwa kidole.

"Mariamo," akaita Muhamudo.

"Presente."

"Zainabo."

"Presente," ikajibu ile sauti wazi, pembeni yake, na uvundo ukamjia. Mreno akapita na mbwa wake, na mbwa akaufyata mkia. Nyumba ya kumi.

Kulipopambazuka Cassamo alikuja kulichukua beseni. Alilikuta tupu, limelambwa. Uwanjani wanawake wawili walikuwa wakitwanga kinu kimoja, mchi kwa mchi, na kinuni hamkuwa na kitu.

"Dada Mariamo," akaita kwa woga, "magoti yako vipi leo?"

"Hayaumi," akasema Bi Mariamo. Mate yake yalivutika kidogo. Inzi alimtua kwenye pembe ya jicho, akanywa, na Bi Mariamo hakupepesa.